Kifaduro: chanjo inakinga nini, na kinga yake hudumu hadi lini?

Upepo wa kiangazi unapoanza kuvuma Dodoma, karibu kila kikohozi cha mtoto huhesabiwa kuwa ni cha vumbi. Mara nyingi ni kweli. Maswali yaliyo hapa chini yanahusu kile kisichokuwa cha vumbi, nayo ni ya aina ambayo wazazi huuliza wakiwa kwenye foleni ya kliniki ya mama na mtoto.

Nitakitambuaje kifaduro?

Mwanzoni ni vigumu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kwa wiki moja au mbili mgonjwa huonekana kuwa na mafua mepesi tu, ilhali hizo ndizo siku anazoambukiza wengine kwa urahisi zaidi. Baadaye kikohozi huja kwa vipindi: mtoto hukohoa mfululizo bila kupata nafasi ya kuvuta hewa, macho humtoka, kisha huvuta pumzi kwa mlio mkali na mara nyingi hutapika. Kipindi kikipita anaweza kurudi kucheza kama mzima, jambo linalowadanganya wengi. Hali hiyo huweza kuendelea kwa wiki 6, hata 10.

Mtoto mwenye umri wa chini ya miezi 3 huenda asikohoe sana. Badala yake huacha kupumua kwa sekunde kadhaa na midomo yake hubadilika rangi. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mbona dawa haikomeshi kikohozi mara moja?

Kwa sababu kikohozi hutokana zaidi na sumu za bakteria aitwaye Bordetella pertussis, ambaye Jules Bordet na Octave Gengou walifanikiwa kumuotesha maabara mjini Brussels mwaka 1906. Hung'ang'ania vinyweleo vidogo vya njia ya hewa na kuviharibu. Antibiotiki kama azithromaisini humuua, na baada ya siku 5 za matibabu mgonjwa huhesabiwa kuwa haambukizi tena, lakini ikiwa dawa imechelewa, njia ya hewa iliyokwisha kuharibika hupona kwa muda wake yenyewe.

Niliugua nikiwa mdogo. Je, siwezi kuugua tena?

Unaweza. Kifaduro si kama surua, ambayo ukishaiugua umemalizana nayo. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali umekadiria kwamba kinga inayotokana na kuugua hudumu kati ya miaka 4 na 20, na ile ya chanjo kati ya miaka 4 na 12. Maana yake ni kwamba bibi anayempakata mjukuu, au kaka aliyerudi kutoka shuleni akikohoa, anaweza kuwa na kifaduro chepesi asichokijua, akamwambukiza mtoto wa mwezi mmoja ambaye kwake ugonjwa huo ni wa kufa na kupona.

Kama kinga inaisha, chanjo ya nini?

Swali hili ni la haki, na Japani ililijibu kwa gharama kubwa. Mwaka 1974, watoto wengi wakiwa wamechanjwa, nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa mia chache tu. Hofu juu ya madhara ya chanjo ilipoenea, uchanjaji ukaporomoka, na mwaka 1979 waliugua watu wapatao 13,000 na 41 wakafariki.

Kuna pia suala la aina ya chanjo. Ile ya zamani hutengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa, na ile mpya, inayotumika katika nchi nyingi tajiri, hutengenezwa kwa vipande vyake vichache vilivyosafishwa. Watafiti nchini Marekani walizijaribu zote mbili kwa nyani, jamii ya hawa wanaovamia mashamba yetu ya mahindi, na matokeo yakachapishwa mwanzoni mwa mwaka 2014. Nyani waliopewa chanjo yoyote kati ya hizo hawakuugua sana. Lakini waliopewa ile mpya waliendelea kubeba bakteria kooni kwa wiki kadhaa na kuwaambukiza wenzao, ilhali waliopewa ya zamani walimwondoa bakteria mapema zaidi. Pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja inayotolewa katika zahanati zetu, ina bakteria mzima. Huleta homa na uvimbe wa paja zaidi kuliko ile mpya, ndiyo, lakini kwa maoni yangu usiku mmoja wa homa ni bei ndogo.

Kwa nini chanjo hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, na siyo mtoto akikua kidogo?

Kwa sababu kifaduro huua zaidi katika miezi ya mwanzo. Kila dozi inayosogezwa mbele humwacha wazi katika kipindi hicho hicho. Ikiwa umeshachelewa, mathalani ulisafiri kwenda kulima Kongwa, huanzi upya: muuguzi huendelea pale kadi ilipoishia, akiacha wiki 4 kati ya dozi na dozi.

Sindano niliyochomwa nikiwa mjamzito haimkingi?

Humkinga dhidi ya pepopunda. Kifaduro hakimo ndani yake. Uingereza ilianza kuwachanja wajawazito dhidi ya kifaduro mwaka 2012, baada ya mlipuko uliosababisha vifo vya watoto wachanga 14, na tathmini ya kwanza ilionyesha ufanisi wa takriban asilimia 90 kwa watoto wa chini ya miezi 3, kwa kuwa kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma. Mahali ambapo huduma hiyo haipo, kinachobaki ni kuwaweka wanaokohoa mbali na mtoto na kuwahi wiki ya 6.

Asali ya Manyoni na ndimu je?

Kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja, asali hulainisha koo, ingawa haimuui bakteria. Kwa aliye chini ya mwaka usithubutu hata kijiko kimoja, hata iwe safi namna gani, kwani inaweza kubeba vimelea vya botulizimu, ambavyo hukua katika utumbo wake mchanga na kutoa sumu inayopoozesha misuli, ikiwemo ya kupumulia.