Neno la Ayubu tunalompa mfiwa

Mwezi wa saba, misiba ya huku kwetu Mbeya hukutana na baridi ya kuuma mifupa. Wanaume wanazunguka gogo la moto nje, akina mama wamejaa ndani kwenye mikeka, vitenge juu ya masweta, na kwaya inaimba chini ya turubai. Kila anayeingia kumshika mkono mfiwa humalizia kwa neno lilelile: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa.

Hata mimi nimelisema, tena mara nyingi. Mimi ni mchungaji, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni unasihi wa wafiwa. Mwanzoni mwa utumishi nilimwambia hivyo mama mmoja wa upande wa Tukuyu, siku mbili baada ya kumzika binti yake. Hakunijibu kitu. Miezi mitano hakuonekana ibadani, wazee wa kanisa wakaanza kunong'ona kwamba amerudi nyuma. Nilipomfuata nyumbani akaniambia, "Baba mchungaji, siku ile nilikuwa na neno la kumwambia Mungu. Wewe ukanikatiza."

Nilirudi nyumbani nikafungua Ayubu, kitabu nilichodhani nakijua. Maneno yale yako sura ya 1, mstari wa 21, na aliyeyasema ni Ayubu mwenyewe, kwa kinywa chake, juu ya watoto wake waliokufa. Hakuna mgeni aliyekuja kumwambia. Marafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa kuwa waliona jinsi mateso yake yalivyo makuu. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu bora walichofanya katika kitabu kizima. Sura ya 3 Ayubu anafumbua kinywa na kuilaani siku aliyozaliwa, na hapo uvumilivu unawaishia. Wanaanza kumsahihisha. Wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri ambayo ukiyakata vipandevipande yanaweza kuhubiriwa Jumapili yoyote. Halafu sura ya 42 Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili, anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Ayubu yuleyule aliyelalamika, akahoji, akataka kesi yake isikilizwe! Sisi waumini tunaijua sura ya kwanza na ile ya mwisho anaporudishiwa mali. Katikati tunapita kama basi la usiku linavyopita Chimala likiwa halina abiria wa kushuka.

Ndivyo tulivyokifanya hata kitabu cha Maombolezo. Waulize washirika, watakutajia sura ya 3, huruma za Bwana zilizo mpya kila siku asubuhi. Wachache watakumbuka kwamba sura hiyohiyo inaanza na mtu anayesema Mungu amemwongoza gizani wala si nuruni. Na mtu huyo hakubwabwaja. Sura nne za kwanza zimepangwa kwa kufuata herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania, na hii ya tatu kila herufi imepewa mistari mitatu, ndiyo maana ina mistari 66. Mtu aliyeuona mji wake, Yerusalemu, ukiangamia akakaa, akayapanga machozi yake kwa herufi.

Wazee wa Kinyakyusa walikuwa na ngoma msibani. Vijana walicheza na mikuki, na nguvu ile iliyowajaa kifuani ikapata pa kutokea. Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, Ukristo ukaenea, na muda ulivyokwenda nyimbo za kanisani zikashika nafasi ya ngoma katika nyumba nyingi. Siombi ngoma zirudi, mimi ni mtoto wa kwaya. Lakini hasira ya mfiwa haikuondoka na ngoma. Siku hizi inakaa ndani, inageuka ukimya, kisha anakuja mtu na kuukemea ukimya huo kama pepo wa huzuni. Hilo linanikera kuliko ninavyoweza kusema kwa upole.

Mtu akija kwangu akiwa amekaukiwa maombi, hatuanzi na kufunga. Tunasoma Zaburi ya 13, ina mistari sita tu. Miwili ya kwanza inamuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Inayofuata inaomba, na mwisho kuna tumaini. Namwambia anunue daftari la shule, aandike "hata lini" zake, kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo, bila kunionyesha. Zile sehemu nyingine zitakuja siku yake. Wapo waliokaa na mistari miwili ya kwanza kwa miezi, nami sikuwaharakisha. Mtu asiyelala, asiyekula, au anayesema heri afe, huyo nampeleka mwenyewe hospitalini kwa wataalamu wa afya ya akili, na maombi tunayaendeleza njiani. Sioni kwa nini watu wanayagombanisha haya mawili.

Yule mama nilirudi kwake tena, safari hii sikuwa na hotuba. Nilimkuta jikoni anamenya maharage. Nikamwomba radhi, kisha nikaomba ruhusa nimsomee Zaburi ya 88, ile ya Hemani Mwezrahi. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mahali fulani zikaishia kwenye sifa. Hii haigeuki. Neno lake la mwisho ni giza. Nilisoma hadi mwisho, nikafunga Biblia, nikanyamaza.

Akasimamisha mikono. "Na hiyo imo humo humo, kwenye Biblia ya kanisani?"

"Imo, mama."

"Miaka yote hii mbona hamjawahi kuisoma?"

Sikuwa na jibu. Akanisogezea ungo tumenye wote, na baada ya muda, bila kuniangalia, akaanza kuomba kwa Kinyakyusa, akimwita Kyala, yaani Mungu, kwa sauti ya mtu anayedai. Aliomba mpaka makaa yakafifia. Sikuitikia amina, maana hakuwa amemaliza.