Ruzuku ya serikali kwa joto la kiwandani: yanayosemwa Mwanza na ukweli wake

Semina ya nishati ikishamalizika kwenye hoteli za mjini, haipiti muda mrefu kabla hajatokea mtu wa kuwauzia wenye viwanda andiko la mradi lililokwisha kuandikwa, jina la kiwanda tu ndilo limeachwa wazi. Soko analo. Kuanzia Igogo hadi Nyakato, na kwenye vinu vya pamba vya Misungwi na Magu, kuna mambo yanaaminiwa kuhusu pesa za serikali za kuvuna joto linalopotea viwandani. Baadhi yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi.

"Serikali ina mfuko wa joto la viwandani, ni kuujua mlango tu."

Mifuko ya aina hiyo imekuwapo, ila si yetu. Uingereza ilitenga pauni milioni 18 kwa mpango wa kusaidia viwanda kuvuna joto, na mwaka 2018 ikatangaza mfuko mkubwa zaidi wa mageuzi ya nishati viwandani, IETF, wa pauni milioni 315. Huo ulikuwa wa viwanda vilivyoko England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Hata Scotland ilikuwa na wake. Kiwanda cha minofu ya sangara cha Mwanza hakikuweza kuomba, hata kama samaki wake wote wanaliwa Ulaya. Miongozo inayozunguka kwenye WhatsApp mara nyingi ni ya kule, imefasiriwa haraka na kubandikwa nembo ya Bibi na Bwana.

Hapa nchini mkono wa serikali huonekana zaidi kwenye kodi na dhamana kuliko kwenye fedha taslimu. Chini ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, mitambo ya uzalishaji kwa kawaida huingia kwa asilimia 0. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 inaruhusu kodi ya mitambo inayoagizwa iahirishwe kwa mwagizaji anayetimiza masharti. Vivutio vya uwekezaji sasa viko chini ya TISEZA, mamlaka iliyozaliwa 2025 kwa kuunganisha kituo cha uwekezaji, TIC, na mamlaka ya maeneo ya uzalishaji wa kuuza nje, EPZA. Nayo Benki Kuu husimamia, kwa niaba ya serikali, mifuko ya dhamana ya mikopo kwa wauzaji nje na kwa biashara ndogo na za kati. Hakuna atakayekupigia picha ukikabidhiwa hundi ya mfano, lakini kwa anayeagiza kibadilisha joto (kifaa cha kuhamisha joto, mfano la moshi, kwenda kwenye maji) kutoka India, nafuu hiyo ni pesa halisi.

"Nenda REA, si ndio watu wa nishati?"

REA, Wakala wa Nishati Vijijini, imeundwa kwa sheria ya mwaka 2005 kwa ajili ya vijijini. Boila iliyoko Nyamagana, mjini Mwanza, si kazi yake. Wapo pia wanaoshika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 wakiamini utawabadilishia boila ya kuni. Mkakati ule unahusu jiko. Kantini ya kiwanda yaweza kuguswa, boila ya mvuke haimo.

"Pesa za tabianchi ni kapu moja."

Hili limewapotezea watu muda mwingi. Benki ya CRDB iliidhinishwa mwaka 2019 kupitisha pesa za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ambao ni wa kimataifa, na programu kubwa iliyofuata, ya dola milioni 200, ni ya teknolojia za kilimo kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Mwenye kinu cha pamba akisikia neno kilimo hukimbilia hapo na mchoro wa bomba la moshi. Atarudishwa, kwa sababu kuokoa kuni kiwandani si kumsaidia mkulima kuhimili ukame. Karibu zaidi na hitaji lake ni mkopo wa kijani wa kawaida: hatifungani ya Kijani ya benki hiyohiyo, ya mwaka 2023, ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 170 kwa miradi ya mazingira. Ila mkopo ni mkopo, na riba yake haisamehewi kwa kuwa mradi una rangi ya majani.

"Funga mtambo kwanza, risiti utapeleka baadaye."

Hapana, wala si kwa urasimu wa kwetu tu. Hata huko Uingereza, ruzuku ililipa sehemu tu ya gharama, na aliyeanza kazi kabla ya kusaini alikosa, kwa hoja kwamba angefanya hata bila msaada. Kwetu ugumu uko bandarini: nafuu ya kodi huombwa kabla mzigo haujafika. Kontena likishalipiwa na kutoka Dar es Salaam, hadithi imekwisha.

"Joto likivunwa linageuzwa umeme, tunawauzia TANESCO."

Ndiyo ndoto inayopendwa kuliko zote, na madalali wa maandiko wanaijua. Utaratibu wa kuuza umeme mdogo upo, kwa mitambo isiyozidi megawati 10. Kikwazo ni joto lenyewe. Moshi wa boila ya kawaida una nyuzi 200 na ushee, na kwa joto la chini hivyo, mtambo wa kulifanya umeme hurudisha takribani sehemu moja ya kumi. Kilowati 300 za joto zitakupa umeme wa kilowati 30 hivi, huku bei ya mtambo ikikutoa jasho.

Faida ya viwanda vyetu iko kwenye maji ya moto. Maji yanayoingia kwenye boila yakipanda kwa nyuzi 6, unaokoa takribani asilimia 1 ya kuni au mafuta. Maji ya ziwa yana nyuzi 25 hivi. Ukirudisha maji ya mvuke uliopoa yakiwa na nyuzi 85, umepata nyuzi 60, yaani karibu asilimia 10. Anayechoma tani 10 za kuni kwa wiki angebakiza tani 1, kama maji yote yangerudi. Hayarudi yote, lakini viwanda vinavyoyamwaga mtaroni yakifuka mvuke bado vipo, na dawa yake ni bomba, tangi na pampu.

Kwenye viwanda vya samaki joto halipo hata kwenye moshi. Liko kwenye kompresa za amonia (gesi ya kupozea) za vyumba vya baridi, zinazolitupa hewani usiku na mchana. Gesi hiyo hutoka kwenye kompresa ikiwa ya moto, na inaweza kupasha maji ya kuoshea kreti na meza hadi nyuzi 60 hivi bila kugusa umeme wa hita.

Moshi nao una mipaka. Anayechoma mafuta mazito akiupoza chini ya nyuzi 130 hivi, salfa iliyomo hugeuka tindikali na kula chuma. Wa kuni ataziba mabomba kwa masizi asipoweka nafasi ya kuyasafisha. Andiko lisilotaja mambo haya, mhandisi wa benki atalifunga ukurasa wa pili.

"Andiko likiwa na lugha nzuri, pesa inatoka."

Nimesoma maandiko yenye kurasa nyingi za mabadiliko ya tabianchi duniani na hakuna hata namba moja iliyopimwa kwenye kiwanda chenyewe. Anayetoa pesa anauliza mambo machache: joto ni kiasi gani, lina nyuzi ngapi, linapatikana saa zipi, na nani atalitumia saa hizohizo. Swali la mwisho ndilo huua miradi mingi. Kinu cha pamba hufanya kazi kwa msimu. Kiwanda cha minofu husimama samaki wakiadimika. Joto la mwezi Julai halimfai anayelihitaji Desemba, na mahesabu yaliyofanywa kwa siku 365 huonekana mara moja.

Kwa hiyo anza na fundi boila. Kipimajoto kwenye bomba la moshi, mita ya maji yanayoingia, daftari la kuni zinazopimwa kwenye mizani badala ya kukadiriwa kwa fuso, msimu mzima. Fundi huyohuyo ndiye atakayekukumbusha kwamba boila ikiongezewa kifaa, mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, lazima aione kabla haijawashwa tena. Weka gharama hiyo, na siku ambazo kiwanda kitasimama, ndani ya bajeti tangu mwanzo.