Kutokuwa na injini si msamaha: ukaguzi wa lazima wa glaida na ndege ndogo

Masika yamekwisha, msimu wa watalii unaingia, na kama ilivyo kawaida ya kipindi hiki wakaguzi wa ustahiki wa ndege wamekuwa wakipita kwenye mabanda ya viwanja vya Arusha na Moshi. Malalamiko nayo yamefuata. Wamiliki ambao vyombo vyao vimezuiwa kuruka wanasema wanaonewa: glaida haina injini, haibebi abiria wa kulipa, huruka Jumamosi chache kwa mwaka, iweje ikaguliwe sawa na ndege inayopeleka wageni Seronera kila asubuhi? Mimi, mmoja wa wakaguzi hao, nimeombwa nitoe ufafanuzi. Nautoa kwa nia njema, kwa kuwa naamini kila anayelalamika anaipenda ndege yake, nasi tunampenda yeye aliyekaa ndani yake.

Nianze na hoja ya injini, maana ndiyo inayorudiwa kuliko zote. Rubani wa ndege yenye injini akikosea kutua, anaongeza moto na kuzunguka tena. Wa glaida hana nafasi hiyo. Akishaanza kushuka kuelekea uwanjani, atatua. Breki za hewa zilizoko juu ya mabawa zikikwama wazi, au fimbo ya kuongozea ikikatika mawasiliano na mkia, hakuna nguvu nyingine ya kumwokoa. Tena bawa la glaida ni refu na jembamba, na linabeba mzigo mzito linapovutwa na winchi, ile mashine ya kukunja kamba inayoipandisha glaida angani, au linapozunguka ndani ya hewa ya joto inayopanda. Kwa hiyo kukosa injini kunapunguza kazi ya fundi upande mmoja tu. Upande wa mabawa, viungo na mfumo wa kuongozea, kazi ni ile ile na mara nyingine ni kubwa zaidi.

Wanaofuatilia mambo haya wanaikumbuka L-13 Blanik, glaida ya bati ya viti viwili iliyotengenezwa Chekoslovakia na kufundishia marubani wengi duniani. Juni 2010, huko Austria, bawa la mojawapo lilikatika angani na watu wawili waliokuwemo wakafariki. Chanzo kilikuwa uchovu wa chuma, yaani nyufa zinazotokana na kuelemewa tena na tena, katika mhimili mkuu wa bawa, karibu na mahali bawa linapoungana na kiwiliwili. Kwanza likatoka agizo la kuikagua mihimili hiyo. Muda mfupi baadaye ikaonekana kwamba ukaguzi wa macho hautoshi kuthibitisha usalama, glaida za aina hiyo zikazuiwa kuruka katika nchi mbalimbali, zikiwemo ambazo hazikuwahi kupata ajali. Njia za kuuimarisha mhimili zilipatikana na kuidhinishwa baadaye, kwa gharama ambayo wamiliki wengi hawakuimudu.

Funzo la kiufundi lililobaki ni hili: saa za kuruka zilizoandikwa kitabuni hazisemi kila kitu. Saa mia za kuelea kwa utulivu si sawa na saa mia za winchi, za mwanafunzi na mwalimu, au za kupinduka angani. Ndiyo maana tukikagua kumbukumbu hatusomi jumla peke yake. Tunauliza glaida ilirushwaje, ilivutwa na nini, ilibeba mtu mmoja au wawili. Anayeagiza glaida iliyotumika kutoka Ulaya na kuletewa kitabu chenye kurasa zilizokosekana asishangae tukimwambia kwamba historia isiyojulikana inahesabiwa kwa upande mbaya.

Hoja ya pili ni ile ya "imekaa tu, haijaruka". Hii, niseme wazi, inatuchosha. Ndege iliyokaa haijapumzika. Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ambazo glaida nyingi zimeundwa kwazo, na rangi yake ya juu huchakazwa na jua, na jua la hapa halina mchezo: uwanja wa Arusha uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Nyufa nyembamba kama nywele huanza kwenye rangi, maji huingia, na kama hazikushughulikiwa zinaweza kufika kwenye faiba yenyewe. Glaida za mbao zina gundi, na gundi ya zamani ikipata unyevu na joto kwa zamu huachia bila kelele. Kwa nje utaona ubao mzima. Masika huziba vitundu vya kutolea maji kwa tope na majani, kisha maji yanakaa ndani ya mkia. Nusu lita ya maji mkiani ni jambo kubwa, kwa sababu iko mbali na kiti cha rubani na inarudisha uzito nyuma.

Kisha wadudu. Mchwa hatuna haja ya kuwaeleza watu wa Moshi. Panya hujenga ndani ya bawa na kuacha mkojo unaokula bati. Nyigu wanaojenga kwa tope ndio wabaya zaidi, kwani hupenda tundu dogo, na mrija unaopima mwendo wa ndege ni tundu dogo. Februari 1996 Boeing 757 ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Jamhuri ya Dominika, watu wote 189 wakafa. Ndege ilikuwa imekaa siku kadhaa bila mirija hiyo kufunikwa, na wachunguzi, waliohitimisha kwamba mrija mmoja ulikuwa umeziba, waliwataja nyigu kama chanzo kinachoelekea zaidi. Kama nyigu wanaweza kuangusha Boeing, glaida iliyoachwa miezi mitatu bandani bila kifuniko cha mrija haiwezi kuruka kwa neno la mwenyewe kwamba "iko sawa".

Nisimulie kidogo namna ukaguzi unavyofanyika, maana wapo wanaodhani tunakuja kutafuta karatasi. Fundi huanza kwa kuipitia ngozi ya bawa lote kwa kiganja, kisha anachukua sarafu na kugonga taratibu, sentimita chache kwa hatua. Sarafu ya shilingi mia mbili inafaa kabisa. Faiba nzima inatoa mlio mkali na mfupi. Palipoachana ndani mlio unakuwa mzito, kana kwamba umegonga kadibodi. Pakisikika hivyo panazungushiwa kalamu, na hapo ndipo kazi inapoanza. Glaida nyingi za faiba zimewekewa na watengenezaji ukaguzi mkubwa zinapofika saa 3,000, ambapo hufunguliwa na kuangaliwa mpaka ndani ya viungo vya mabawa, na kuna hatua nyingine baada ya hapo. Ukaguzi huo si hiari na hauahirishwi kwa sababu wageni wamefika.

Kwenye viungo vya kuongozea nina ombi la pekee. Glaida husafirishwa kwenye trela na kuunganishwa uwanjani, na ajali nyingi za kusikitisha za michezo hii duniani zimetokana na usukani wa mkia au breki za hewa ambazo hazikuunganishwa, au ziliunganishwa bila pini ya usalama. Kiungo cha mpira na tundu kinaweza kuonekana kimeingia kumbe hakijafunga. Kwa hiyo baada ya kuunganisha, mmoja akae kwenye kiti na kushika fimbo. Mwingine aende mkiani ashike usukani kwa kiganja, auzuie, na yule wa kitini asukume na kuvuta. Lazima asikie upinzani. Fanyeni hivyo kila upande, na kwa breki za hewa pia. Kutikisa fimbo na kuona kitu kinacheza kwa mbali hakutoshi. Inachukua dakika tano. Tumekuta glaida imeshafungwa kamba ya kuvutia na zoezi hili halijafanyika, na aliyeulizwa akajibu kwamba aliyeiunganisha ni mzoefu.

Kamba nayo ina kipande maalumu cha chuma kilichotengenezwa kikatike mvuto ukizidi, ili bawa lisizidiwe. Vinavyotumika sana vina rangi: nyeusi hukatika karibu na kilo 1,000, kahawia 850, nyekundu 750, bluu 600, nyeupe 500. Kitabu cha glaida kinasema itumike ipi. Kuweka nyeusi pale palipoandikwa bluu kwa sababu "bluu inakatika mara kwa mara" ni kuondoa kinga yenyewe. Ikikatika mara kwa mara, kuna tatizo la winchi au la rubani.

Kuhusu rangi ya ndege. Tumepokea maombi ya kampuni za utalii zinazotaka kupaka glaida na motaglaida (glaida zilizofungwa injini) rangi za kampuni, kijani iliyokoza na kahawia. Jibu ni hapana, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu kwa maandishi. Kwa kawaida glaida za faiba huthibitishwa nguvu zake katika joto lisilozidi nyuzi 54, na rangi nyeupe ndiyo inayosaidia lisivuke hapo ndege ikiwa juani. Rangi iliyokoza, saa saba mchana pale Moshi, inapita kiwango hicho na faiba inalainika. Zaidi ya hayo, rangi ina uzito. Usukani uliopakwa upya lazima upimwe tena uwiano wake, maana ukizidi uzito nyuma unaweza kuanza kupapatika kwenye mwendo mkali na kung'oka.

Sasa taratibu, ambazo nitaziandika kwa kirefu kwa sababu ndizo zinazowagharimu watu muda.

Barua ya huduma kutoka kwa mtengenezaji ni ushauri, hata kama ameuandika kwa msisitizo. Agizo la ustahiki linalotolewa na mamlaka ya nchi ilikosanifiwa ndege ni lazima. Mara nyingi agizo hubeba yale yale yaliyokuwa kwenye barua, na hapo barua inakuwa lazima. Agizo lina tarehe ya kuanza na ukomo wa utekelezaji, ama kwa saa za kuruka, ama kwa idadi ya miruko, ama kwa kalenda, lipi litangulie. "Lipi litangulie" maana yake ni hiyo hiyo: kama agizo limesema saa 25 au siku 30, na siku 30 zimekwisha umeruka saa mbili, umechelewa. Mwenye wajibu wa kufuatilia maagizo ni mmiliki. Si fundi, si aliyekuuzia, na si sisi kukupigia simu.

Matengenezo yafanywe na fundi mwenye leseni inayotaja aina hiyo ya kazi, au karakana iliyoidhinishwa, kwa maelekezo ya mtengenezaji. Seremala hodari wa Arusha ni seremala hodari, na fundi wa boti anaijua faiba, lakini hawezi kusaini ndege. Kazi ikikamilika, fundi anaandika kitabuni alichofanya, namba ya agizo, tarehe, saa za ndege, na anatia saini hati ya kuirudisha kwenye huduma. Bila saini hiyo, kisheria kazi haikufanyika. Ukarabati mkubwa unahitaji mchoro ulioidhinishwa kabla ya kuanza, na ndege ipimwe uzito upya baada yake.

Cheti cha ustahiki wa kuruka huhuishwa kila miezi kumi na miwili kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na maombi yaletwe kabla hakijaisha. Kikiisha, hakuna siku za neema. Ikiwa ndege imekwama Moshi na karakana iko kwingine, omba kibali maalumu cha ruko moja, ambacho hutaja njia, masharti na watakaokuwemo, nao ni wale tu wanaohitajika kuirusha. Ndege yenye usajili wa kigeni inafuata cheti cha nchi iliyoisajili, lakini haiponi kukaguliwa ikiwa hapa.

Kurusha ndege bila cheti hai ni kosa chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80. Hatua ya kwanza huwa ni kuizuia ndege pale ilipo; ya pili ni kusimamisha au kufuta cheti; leseni ya rubani na ya fundi aliyesaini uongo nazo huingia matatani, na shauri linaweza kwenda mahakamani. Kuna jambo ambalo wengi hawaliwazi mpaka limewakuta: kampuni ya bima ikigundua ndege haikuwa na cheti siku ya ajali, ina sababu ya kukataa kulipa, na madai ya waliojeruhiwa yanabaki mlangoni kwa mmiliki. Pia, kumpandisha mgeni kwa malipo, hata yakiitwa "mchango wa mafuta ya winchi", kunahitaji cheti cha biashara ya usafiri wa anga. Cheti cha ndege binafsi hakitoshi.

Mwenye shaka aje ofisini kabla ya kuagiza ndege, kabla ya kuipaka rangi na kabla ya kuikarabati; kuuliza hakuna ada. Siku ya ukaguzi tunaomba ndege iwe imeoshwa, vifuniko vya ukaguzi vimefunguliwa, na fundi aliyesaini awepo mwenyewe. Orodha ya maagizo iwe imejazwa hadi tarehe ya siku hiyo, ripoti ya uzito iwepo, na vitabu vya kumbukumbu viletwe vyenyewe, vyote, tangu ndege ilipotoka kiwandani. Picha za kurasa kwenye simu hatuzipokei.