Je, Wajua Kwa Nini Shabaha ya Asilimia 90 Hukosa, na Mchezaji Huapa Kwamba Gemu Inamdanganya?

Waulize wachezaji wa Fire Emblem au XCOM ni kitu gani huwachefua kuliko vyote, na wengi hawatakutajia picha, muziki wala hadithi. Watakutajia namba. Skrini iliandika asilimia 90, nikakosa. Adui akajibu kwa asilimia 20, akanipata. Baada ya hapo hutolewa hukumu isiyo na rufaa: gemu hii inadanganya.

Kwa asiyeijua, hii ni michezo ya mkakati inayokwenda zamu kwa zamu. Uwanja umegawanywa vyumba kama ubao wa drafti. Unasogeza askari wako mmoja mmoja, ukimaliza adui naye anasogeza wake. Kila askari ana jina, silaha na ujuzi unaokua kadiri anavyopigana, ndiyo maana baada ya saa nyingi yule mpiga upinde wako haonekani tena kuwa kete, amekuwa mtu wako. Kabla hujathibitisha shambulio, skrini inakuonyesha uwezekano wa kupata. Ukiridhia, kompyuta inachota namba moja nasibu kati ya 0 na 99. Ikiwa chini ya ile uliyoonyeshwa, umepata. Ikifikia au kuzidi, umekosa.

Angalau ndivyo mchezaji anavyodhani. Kichekesho ni kwamba lawama yake ina ukweli ndani yake, ila umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Magemu kadhaa maarufu ya aina hii yamedanganya kweli, na mara nyingi yamedanganya ili kumpendelea huyohuyo anayelalamika.

Tuanze na hesabu ya kawaida, kabla ya udanganyifu wowote. Asilimia 90 maana yake ni kwamba, kwa wastani, shambulio moja katika kila kumi litakwenda kombo. Ukipiga mara 5, uwezekano wa kukosa angalau mara moja ni kama asilimia 41. Ukipiga mara 10, unafika 65. Ukipiga mara 20, ni karibu 88. Na mapambano marefu huwa na mashambulizi zaidi ya hayo. Basi kukosa kwa asilimia 90 si mkosi. Cha ajabu kingekuwa kumaliza vita nzima bila kukosa hata mara moja. Lakini nani anayakumbuka yale mashambulizi 18 yaliyopata? Yalipita kama yalivyotarajiwa, hayakuacha alama yoyote kichwani.

Sasa tuje kwenye udanganyifu wenyewe. Fire Emblem, mfululizo wa studio ya Kijapani Intelligent Systems, ulianza mwaka 1990 kwenye Famicom, mashine ya magemu ya Nintendo. Matoleo ya miaka ya mwanzo yalifanya kama nilivyoeleza: namba moja, matokeo moja. Mwaka 2002, lilipotoka The Binding Blade kwa ajili ya Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya Nintendo, watengenezaji walibadili mtambo wa ndani kimyakimya. Badala ya kuchota namba moja, mchezo ulichota mbili, ukatafuta wastani wake, kisha ukaulinganisha na ile iliyo kwenye skrini.

Linaonekana jambo dogo, lakini fanya hesabu uone. Wastani wa namba mbili hupenda kukaa katikati. Ni nadra zote mbili ziwe kubwa sana au ndogo sana kwa pamoja. Kwa hiyo ile 90 uliyoandikiwa, kwa kweli ni 98.1. Themanini ni 92.2. Sabini ni 82.3. Hamsini inabaki palepale. Ukishuka chini ya hapo mambo yanageuka: 30 inakuwa 18.3, 20 inakuwa 8.2, na 10 inabaki 2.1 tu. Na kwa kuwa aghalabu mashujaa wako ndio wenye shabaha kali na wepesi wa kukwepa, huku maadui wa kawaida wakiwa na shabaha ya kubahatisha, kanuni ileile inayowahusu wote inakubeba wewe. Skrini haikusema neno juu ya haya. Waliogundua ni wachezaji waliochimbua programu ya mchezo.

Kuna upande mmoja ambao haukuguswa, na hapo ndipo vilio vingi vilipotokea. Pigo la hatari, lile linaloongeza madhara mara tatu, liliendelea kupimwa kwa namba moja. Mchezaji aliyezoea kuona asilimia ndogo za adui zikipotea hewani hujikuta akiidharau ile 3 iliyoandikwa pembeni, kumbe hiyo ni 3 ya kweli. Mpanda farasi aliyemlea kwa sura kumi na tano anakatwa na jambazi asiye na jina. Hapo utasikia kila aina ya nadharia kuhusu njama za watengenezaji.

Mwaka 2015, Fire Emblem Fates ilibadili tena mtambo. Uwezekano ulio chini ya 50 ukarudi kupimwa kwa namba moja, ukweli mtupu, na ulio juu ya hapo ukaendelea kuongezewa kwa siri. Matokeo yake, adui mwenye asilimia 20 sasa alikuwa na 20 kweli, wala si 8.2 kama zamani. Askari waliotegemea kukwepa, ambao kwenye matoleo ya nyuma ungeweza kuwaacha peke yao katikati ya maadui wakarudi bila mkwaruzo, hawakuwa salama tena. Aliyetoka matoleo ya zamani bila kuijua kanuni hiyo lazima aone kwamba maadui wamepewa upendeleo. Hawakupewa, yeye ndiye aliyepunguziwa wake.

XCOM 2 ya kampuni ya Firaxis, iliyotoka mwaka 2016, ilikwenda mbali zaidi. Kwenye ngazi za chini za ugumu, uwezekano halisi wa askari wako kupata ni mkubwa kuliko ulioandikwa. Ukikosa mfululizo, shabaha inayofuata inaongezewa kwa siri. Ukipoteza askari, wageni kutoka anga za juu wanapunguziwa shabaha. Jake Solomon, aliyeongoza ubunifu wake, amelizungumzia jambo hili hadharani bila kuficha. Ngazi ya juu kabisa, inayoitwa Legend, haina msaada wa aina hiyo: kilichoandikwa ndicho kilichopo. Hebu fikiria maana yake kwa mchezaji anayepanda ngazi. Ameishi wiki nzima kwenye ulimwengu ambamo 85 inafanya kazi kama 95, halafu siku anapoingia kwenye ulimwengu wa kweli, anaapa kwamba mchezo umeanza kumwibia. Kumbe ndiyo kwanza umeacha kumdanganya.

Kwa nini watengenezaji wajisumbue hivyo? Sid Meier, mwanzilishi mwenza wa Firaxis, alilieleza hili kwenye mkutano wa watengeneza magemu wa GDC mwaka 2010, akitumia mfano wa Civilization Revolution ya 2008. Walipowajaribisha watu mchezo huo, waliona kwamba mchezaji mwenye nguvu tatu dhidi ya moja haelewi kabisa anavyoweza kushindwa, ingawa hesabu inasema atashindwa mara moja katika nne. Mgeuze sasa, mpe yeye ile moja na adui tatu: akishinda hapo halalamiki, anaona amecheza kwa akili. Cha kuchekesha zaidi, aliyeshindwa kwa mbili dhidi ya moja alikubali, lakini kwa ishirini dhidi ya kumi akahamaki, ingawa uwiano ni uleule. Firaxis hawakubishana na wachezaji wao. Walirekebisha hesabu ifanane na hisia.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wameeleza msingi wa tabia hii tangu 1979, wakiwa hawana habari na magemu: hasara huuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha, na uwezekano hatuupimi kichwani jinsi ulivyo kwenye karatasi. Namba ikikaribia mia, tunaanza kuisoma kama ahadi. Ndiyo maana mchezaji hasemi "uwezekano wa kumi kwa mia umetokea", anasema ameibiwa.

Kwa maoni yangu, nusu ya ugomvi wa XCOM si wa hesabu hata kidogo, ni wa picha. Askari wako mwenye shotgun amesimama chumba kinachopakana na cha adui, mdomo wa bunduki karibu unamgusa kifuani. Skrini imeandika, tuseme, 88. Kompyuta inachota namba, inapata 93, umekosa. Sasa mchezo unalazimika kukuchorea jinsi mtu alivyokosa kitu kilicho mbele ya pua yake, na unachokiona ni askari anayegeuza bunduki pembeni na kupiga dari. Hakuna macho yatakayokubali hilo. Ile 88 ilitokana na ujuzi wa askari, umbali, silaha na kinga aliyojibanza adui. Picha ilikuja baadaye, kuhalalisha matokeo yaliyokwishaamuliwa. Kwenye Fire Emblem adui anaruka nyuma, upanga unakata hewa, na roho inapoa kidogo, kwa kuwa anaonekana ndiye aliyefanya kitu.

Wapo wanaojaribu kuishika gemu uongo kwa kurudia. Wanahifadhi mchezo, wanapiga, wanakosa, wanafungua palepale walipohifadhi, wanapiga tena, wanakosa tena. Mara tatu, mara nne, matokeo yaleyale. Ushahidi umepatikana! Lakini XCOM ya 2012 ilikuwa ikihifadhi pia mbegu ya namba nasibu, yaani mfululizo wa namba zijazo ulikuwa umeshapangwa. Ukirudia kitendo kilekile kwa utaratibu uleule unapata namba ileile. Mwache askari mwingine apige kwanza, na matokeo yanaweza kubadilika. Wachezaji sugu wa Fire Emblem za Game Boy Advance waliugeuza udhaifu wa namna hii kuwa ufundi: kwenye matoleo hayo, kuchora tu njia ya askari kwa mshale wa mwendo, huku ukiizungusha njia hiyo kwa makusudi, kunaweza kuzila namba zilizo mbele ya foleni. Unazichoma mbaya hadi ifike nzuri, ndipo unapiga. Ni kazi ya kuchosha, na mimi siwezi kuiita starehe, lakini inaonyesha jinsi "bahati" ya kompyuta ilivyo orodha tu inayosubiri kusomwa.

Hasira hizi zisingekuwa na uzito huo kama kukosa kungegharimu kidogo. Kwenye Fire Emblem ya asili, askari akifa amekufa, kwa kawaida harudi tena. Mwaka 2010 New Mystery of the Emblem ilileta hali nyepesi ambayo walioanguka hurejea baada ya pambano. Fire Emblem Echoes ya 2017 ikaleta kifaa cha kurudisha zamu nyuma, na Three Houses ya 2019 ikaendeleza wazo hilo. Maoni yamegawanyika hadi leo. Wakongwe husema kifo kisicho na marejeo ndicho kinachokufanya ufikirie kila hatua. Wengine hujibu kwamba hakuna aliyekuwa akifikiria zaidi, watu walikuwa wanazima mashine na kuanza sura upya. Niko karibu na hawa wa pili. Mtu ambaye kosa limemgharimu dakika moja hana haja ya kumtafuta mwizi.

Studio ya Larian, waliotoa Baldur's Gate 3 mwaka 2023, walichagua njia ya uwazi. Mchezo wao hutumia kete ya pande ishirini, na kwenye mipangilio kuna swichi ya kete zinazozuia mikosi ya kufuatana. Ukitaka msaada unauacha uwake, ukitaka bahati ghafi unauzima. Upendeleo ni uleule waliouficha wengine, ila huu una kitufe.

Kisha kuna walioachana na kete kabisa. Kwenye Into the Breach ya Subset Games, iliyotoka 2018, una mashine tatu kwenye uwanja wa vyumba nane kwa nane, na kila adui anakuonyesha mapema atapiga wapi. Shambulio lako halikosi. Ukishindwa, umeshindwa kwa hesabu zako mwenyewe, na baadhi ya wachezaji hawakuupenda ukweli huo: walisema umekuwa fumbo la kukokotoa kuliko vita. Hata hivyo waliibakiza namba moja ya kubahatisha. Jengo linapopigwa, lipo katika hatari ya kubomoka, lakini kuna uwezekano mdogo likastahimili pigo, na namba yake imeandikwa juu ya skrini muda wote. Hakuna anayepanga zamu yake kwa kuitegemea. Jengo likibaki limesimama, mchezaji hushangilia. Likianguka, hata haangalii ile namba ilikuwa ngapi.