Nusu asilimia "ya barabara" huko California

Juzi jirani yangu amenifuata na karatasi ya kura mkononi: "Kaka, hii nyongeza ya nusu asilimia kwenye kodi ya mauzo imeandikwa ni ya barabara. Madiwani wataipelekaje kwingine?" Kila uchaguzi swali hilihili. Wanaweza kuipeleka kwingine, na sheria inawaruhusu.

Kwanza, kodi ya mauzo si VAT ya nyumbani. Anatozwa mnunuzi wa mwisho, basi. Unga wa ugali na dawa za daktari hazimo. Jimbo zima huanzia 7.25%, tunachopigia kura ni nyongeza juu yake. Na wanaosema watu watakimbilia magari ya mji wa jirani wamekosea: nyongeza ya gari hufuata anwani ya usajili, haifuati duka.

Sasa linaloniuma. Kwa Pendekezo 218, sheria iliyopitishwa na wapigakura wa jimbo mwaka 1996, kodi hizi ni za aina mbili. Kodi ya jumla hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, fedha zinaingia mfuko mkuu, na madiwani huzigawa katika bajeti ya kila mwaka: polisi, maktaba, pensheni, lolote halali. Kodi maalumu imefungwa kwa kazi iliyotajwa, lakini baraza likiileta lenyewe, linahitaji theluthi mbili. Ndiyo maana karatasi husema "barabara, zimamoto na huduma nyingine za jumla". Anzeni kusoma kutoka mwisho! Miji mingine huongeza swali la pili, la ushauri tu: mngependa fedha ziende wapi? Jibu lenu halimfungi diwani hata mmoja.

Wananchi wakikusanya saini wenyewe, mambo hubadilika. Tangu kesi ya mji wa Upland ya 2017, mahakama za rufaa zimekubali kodi maalumu ya wananchi ipite kwa wingi wa kawaida. Kaunti ya Los Angeles ilihitaji theluthi mbili kupitisha Measure H, kodi ya mauzo ya kusaidia wasio na makazi, mwaka 2017. Measure A ya 2024, kodi ya kusudi hilohilo iliyoletwa kwa saini, ilipita bila kufikia theluthi mbili.

Je, theluthi mbili ni haki? Miaka yote hii kwenye bajeti sijapata jibu. Kura moja ya hapana inafuta mbili za ndiyo, tena pale ambapo fedha zimefungwa vizuri zaidi. Na mwenye kipato kidogo ndiye anayeumia zaidi kwa kodi hii, iwe ya jumla au maalumu.

Nilimfungulia jirani kijitabu cha wapigakura, kwenye uchambuzi wa mwanasheria wa jiji. "Kodi ya jumla", imeandikwa wazi. Akaomba kalamu, akaipigia mstari.