Wanaohama ligi Marekani wanafuata king'amuzi

Vyuo vikuu vya Marekani vina ligi zao za michezo, na siku hizi vinahama kutoka ligi moja kwenda nyingine. Hizi hapa kauli zinazosikika kuhusu kuhama huko, na majibu yake.

"Big Ten ni ligi ya vyuo kumi." Jina tu hilo. Tangu 2024 viko 18, na ligi nyingine, Big 12, ina 16. Ramani ndiyo usiiulize kabisa: Stanford na California, vyuo vya upande wa Pasifiki, sasa vinacheza ACC, ligi inayojiita ya Pwani ya Atlantiki.

"NCAA ndiyo inayouza mechi zote." NCAA ni shirika linalosimamia michezo ya vyuo. Zamani ilishika futiboli ya vyuo (ile ya Kimarekani, si soka) kwenye televisheni, mpaka mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba mpango ule unabana ushindani. Tangu hapo ligi zinajiuzia zenyewe. NCAA ikabaki na mashindano ya kikapu ya Machi, ambayo nayo si haba.

"Rutgers ilichukuliwa na Big Ten kwa ubora wake uwanjani." Hapa hata shabiki wa chuo hicho atacheka. Big Ten ilikuwa na chaneli yake tangu 2007, kwa ubia na kampuni ya televisheni ya Fox. Chaneli ikiingizwa kwenye kifurushi cha kawaida cha kebo, kila nyumba inaikatia ada kila mwezi, hata ya bibi ambaye haangalii kingine ila tamthilia. Na penye timu ya nyumbani, ada hupanda. Rutgers iko New Jersey, mlangoni pa New York. Chuo cha Maryland kiko jirani na jiji la Washington. Vyote viwili viliingia 2014.

"Ukiwa na chaneli yako mwenyewe, faida yote ni yako." Waulize Pac-12, ligi ya vyuo vya magharibi. Mwaka 2012 walifungua chaneli saba bila mbia yeyote, moja ya taifa zima na sita za kanda. Kumbe asiye na mbia huenda peke yake kuzibembeleza kampuni za ving'amuzi, na mojawapo, DirecTV, mpaka mwisho haikuwabeba. SEC Network, chaneli ya ligi ya SEC, ni mali ya ESPN, kampuni ya chaneli za michezo. ESPN akikaa mezani huja na chaneli nyingine ambazo kampuni ya king'amuzi inaogopa kuzikosa. Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, wakatangaza kuondoka Pac-12 kwenda Big Ten, Agosti 2023 vyuo vya Oregon na Washington wakafuata, na Juni 30, 2024 chaneli zikazimwa. Mwaka huo walibaki wawili, Oregon State na Washington State. Ndiyo, Washington State ileile ya Henry Rono, Mkenya aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi pale.

"Hela ya futiboli inawanufaisha wanamichezo wote." Futiboli huchezwa mara moja kwa wiki, na safari za mbali ni chache kwa msimu. Voliboli ina mechi nyingi zaidi, nyingine katikati ya wiki. Wasichana wa UCLA wakienda kucheza na Rutgers ni karibu kilomita 4,000, saa tano hewani, na daftari liko mapajani.