Je, wajua kwa nini kujisafisha kwenye kipimo cha haiba humponza mwombaji wa urubani wa kijeshi?

Mwombaji ameshavuka hesabu, macho na moyo vimepimwa vikaonekana sawa, na mikono yake imefuata alama kwenye skrini bila kutetereka. Kisha anawekewa mamia ya kauli kuhusu yeye mwenyewe: kweli, si kweli, nakubali, sikubali. Wengi hujiambia kwamba hapa kazi imekwisha, ni kujieleza tu kama rubani wa kwenye sinema. Hapo ndipo wanapojiponza, maana waliotunga fomu hizo walijua tangu mwanzo kwamba mtu anayetafuta kazi atajisafisha.

Chukua MMPI, kipimo kilichotungwa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na kuanza kutumika miaka ya 1940. Hakikutungwa kwa ajili ya marubani. Kilikusudiwa kutambua dalili za maradhi ya akili, lakini kimetumika sana kuchuja watu wa kazi za hatari. Toleo la pili, la mwaka 1989, lina kauli 567 za kujibu kweli au si kweli. Baadhi ya mizani zake, yaani makundi ya kauli zinazohesabiwa pamoja, hazisomi ugonjwa wowote, zinasoma namna ulivyojibu. Mizani ya L ina kauli 15 zinazogusa vijikasoro ambavyo karibu kila binadamu anavyo. Hebu fikiria kauli ya namna hii: "Sijawahi kuahirisha kazi hata siku moja." Ukiikubali moja si neno. Ukizikubali nyingi, msomaji wa matokeo hasemi "huyu ni malaika". Anasema huyu anajificha, na kila kilichobaki kwenye fomu kinatiliwa shaka. Mizani ya F humnasa anayejibu ovyo au anayekuza matatizo. K ni ya ndani zaidi: inamwonyesha mtu anayejilinda kwa ustadi, bila uongo wa wazi. Na usidhani utajiokoa kwa kuruka maswali. Ukiacha kauli 30 au zaidi bila jibu, matokeo yote huhesabiwa kuwa hayasomeki.

Jeshi la Wanamaji la Marekani limeufunga mlango huo kwa njia nyingine. Katika mtihani wao uitwao ASTB-E mna sehemu ya kupima haiba iitwayo NATFI, yenye jozi 88 za kauli. Kila mara unapewa mbili na lazima uchague moja inayokufanana zaidi, hata kama zote mbili zinakuudhi. Kwa mfano wa kubuni:

"Hukasirika upesi ninapokosolewa."
"Huanza kazi mpya kabla sijamaliza ya zamani."

Ipi nzuri? Hakuna, na ndiyo maana zimewekwa pamoja. Jozi za namna hii hupangwa kauli zikiwa na uzito unaokaribiana, ili usipate jibu la kujipendekeza. Anayekaa kutafuta "wanataka nini hapa?" hupoteza muda, na majibu yake huanza kupingana: kwenye jozi moja anajiita mtulivu, mbele kidogo anachagua harara. Njia ya kupita ni moja: soma zote mbili, chagua iliyo kweli zaidi katika siku zako za kawaida, songa mbele.

Lakini kwani wanatafuta mtu wa namna gani? Jibu si yule shujaa asiyeogopa kitu. Mwaka 1921, Dockeray na Isaacs, waliochunguza marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliandika kwamba watu watulivu wenye utaratibu walikuwa miongoni mwa marubani bora. Tafiti za baadaye kwa marubani wa Jeshi la Anga la Marekani zimewakuta, wakilinganishwa na watu wa kawaida, wana wasiwasi mdogo, wanachangamka na watu, wana bidii na mpangilio, na si wepesi wa kukubali tu ili kumfurahisha mwenzao. Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Rubani msaidizi anayenyamaza kwa heshima wakati kiongozi wake anakosea ni hatari tupu. Ajali ya Tenerife ya mwaka 1977, ambapo ndege mbili kubwa za abiria ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa, hutajwa mara nyingi somo la ushirikiano wa marubani linapofundishwa: ndani ya chumba cha marubani shaka ilitamkwa, lakini haikusisitizwa.

Kioo kizuri cha kujitazama kabla ya siku yenyewe ni zile tabia tano za hatari zinazofundishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA: kupinga sheria, kukurupuka, kujiona hupatwi na baya, kujionyesha ubabe, na kukata tamaa kwamba huna la kufanya. Kila mtu ana moja inayomvuta. Ijue yako, na ujue umewahi kufanya nini ilipokuvuta. Ukidai huna hata moja, umeshajibu kama yule wa mizani ya L.

Maandalizi yenyewe hayafanyiki kwa kukariri majibu. Yanafanyika kwa daftari. Andika matukio sita hadi nane ya kweli: kosa ulilolifanya mwenyewe, ugomvi na aliyekuwa juu yako, mtihani ulioanguka, uamuzi wa haraka ukiwa umebanwa, jambo uliloliacha njiani, siku uliyopinga amri au maelekezo. Kila tukio liwe na mwezi na mwaka, ulichofanya wewe (si "sisi"), kilichotokea, na ulichobadilisha baadaye. Jizoeze kulisimulia kwa dakika mbili. Tarehe si urembo: ASTB-E ina fomu ya historia ya maisha ambayo kwenye baadhi ya majibu hudai uthibitisho. Ukisema uliongoza vikundi vitano, unaweza kuambiwa uvitaje. Na msaili naye huenda ana karatasi zako mezani. Aliyejiita mtulivu kwenye fomu anaweza kuulizwa mara ya mwisho alipokasirika, na "huwa sikasiriki" ndilo jibu baya kuliko yote.

Kuna kosa jingine dogo linaloharibu watu wakweli kabisa: kubaki katikati. Fomu yenye madaraja matano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", huwavuta waoga kujaza "sina uhakika" kila mahali. Matokeo yake ni mtu asiye na sura. Tumia ncha mbili pale panapostahili. Angalia pia maneno kama "daima", "kamwe" na "mara nyingine". "Mara nyingine huchelewa" si sawa na "huchelewa", na anayesoma harakaharaka hujikuta amekana jambo la kawaida kabisa.

Usiku wa kuamkia mtihani, lala vya kutosha, kwa sababu uchovu hukufanya ujibu kwa hasira au kwa uzembe, na mizani zinazopima majibu yanayopingana huona vyote viwili. Jibu lako la kwanza likiwa la kweli, liache. Kama umewahi kutibiwa msongo wa mawazo, sema kwa daktari kama ilivyokuwa. Kumbukumbu za hospitali zikipingana na fomu yako, kinachokuangusha ni kuficha, hata pale ambapo ugonjwa wenyewe usingekuangusha.

Kwa ASTB-E hasa, hesabu nafasi zako kabla hujaketi. Ni tatu tu maisha yote: baada ya ya kwanza unasubiri siku 30, na baada ya ya pili unasubiri siku 90.